Shaaban Robert: Karani wa forodha aliyetufundisha utu

Na Mwalimu wa Elimu ya Dini ya Kiislamu, Mwera, Pangani



Mwezi uliopita nikiwa darasani hapa Mwera, upande wa kusini wa Mto Pangani, mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu aliniuliza swali lililonifanya nifunge kitabu. Aliuliza kama ni kweli kuwa falsafa ni haramu. Alikuwa amemsikia mtu mzima katika baraza la msikiti akisema kuwa mwenye kusoma falsafa huishia kupoteza imani. Wakati huo huo mwalimu wake wa Kiswahili alikuwa amewafundisha kuwa Marehemu Shaaban Robert alikuwa mwanafalsafa, na kijana yule alijua vizuri kuwa Shaaban Robert alikuwa Muislamu wa Tanga. Akataka nimwambie lipi ni lipi.

Ningeweza kumjibu kwa kumtajia wanazuoni wa zamani. Ningemwambia kuwa Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliwapinga wanafalsafa wa zama zake katika mambo ya itikadi, na papo hapo akaandika Ihya, kitabu ambacho sehemu yake kubwa inazungumzia nafsi, tabia, kula, kuchuma, ndoa na urafiki. Ningemwambia kuwa Ibn Rushd wa Andalusia alimjibu Ghazali, na kuwa Miskawayh kabla yao wote wawili alikwishaandika kitabu kizima juu ya kutengeneza tabia. Lakini nilijua kuwa kwa kijana wa kidato cha tatu majina hayo yangebaki kuwa majina tu. Nikaamua kumsimulia habari za mtu aliyefanya kazi ng'ambo ya mto huu huu tunaouvuka kwa kivuko, mtu ambaye babu zetu walimwona kwa macho akipita na makaratasi yake.

Nilipomaliza nikaona habari ile haifai kubaki darasani. Wengi wetu, hasa sisi wa mijini, tunalijua jina la Shaaban Robert kama jina la mtaa na shule ya sekondari jijini Dar es Salaam, au kama jina la mtihani. Tulikariri vitabu vyake, tukajibu maswali, tukapata alama, tukasahau. Hebu tumrejee kama mtu aliyeishi, aliyeajiriwa, aliyefiwa na aliyelea watoto.

Kutoka Machui hadi forodhani

Shaaban Robert alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 katika kijiji cha Vibambani, Machui, kusini kidogo ya mji wa Tanga. Wakati huo nchi ilikuwa chini ya Wajerumani. Asili ya wazee wake ni Wayao, lakini yeye alijihesabu kuwa Mswahili, na aliona fahari kujihesabu hivyo. Jina la Robert limewafanya baadhi ya watu wadhani kuwa alikuwa Mkristo. Alikuwa Muislamu, na katika siku zake za mwanzo alijiandika Shaaban bin Robert, yaani kwa desturi yetu ya kumtaja mtu kwa baba yake.

Alisoma shule Dar es Salaam kuanzia mwaka 1922 hadi 1926. Elimu ya darasani iliishia hapo. Hakwenda Makerere, hakwenda Ulaya, wala hakupata shahada ya chuo chochote. Nalisema hili nikiwa mimi mwenyewe ni mhitimu wa chuo kikuu, kwa sababu nimewaona wenzangu wengi wakidhani kuwa kufikiri ni kazi ya wenye vyeti. Kijana huyu wa miaka 17 alitoka shule akaingia katika kazi ya serikali ya Mwingereza kama karani wa forodha, akaifanya kazi hiyo mpaka mwaka 1944. Hiyo ni miaka 18.

Kituo kinachokumbukwa zaidi katika miaka hiyo ni Pangani. Anayeujua mji wa Pangani anajua kuwa si mji mdogo kwa historia. Karne moja kabla ulikuwa bandari ya pembe za ndovu na watumwa, misafara ikiteremka kutoka bara na majahazi yakisubiri katika mlango wa mto. Hapo ndipo alipoanzia Abushiri bin Salim vita vyake na Wajerumani mwaka 1888, na hapo hapo ndipo aliponyongwa Desemba 1889. Shaaban Robert alikaa katika mji ambao binadamu waliwahi kuhesabiwa kama shehena. Sisemi kuwa hilo peke yake ndilo lililomfanya aandike juu ya utu maisha yake yote, lakini ni vigumu kumfikiria karani mwenye moyo kama wake akikaa miaka katika mji ule bila kujiuliza thamani ya mtu ni nini.

Ikumbukwe pia hali ya karani Mwafrika wa wakati ule. Mishahara ya serikali ya kikoloni ilikwenda kwa rangi. Mzungu alikuwa juu, Muasia katikati, Mwafrika chini, hata kama kazi ni moja. Karani Mwafrika aliheshimiwa mtaani kwa sababu ya kalamu na viatu, lakini ofisini alikuwa wa mwisho. Huyu ndiye mtu aliyekuwa akirudi nyumbani jioni na kuwasha taa aandike.

Meza ya forodha

Kwa sisi tunaofundisha dini, kazi ya forodha inatukumbusha jambo zito. Imepokewa katika hadithi sahihi habari ya Ibn al-Lutbiyya, aliyetumwa na Mtume (SAW) kwenda kukusanya zaka. Aliporudi alitenga mafungu mawili, moja akalikabidhi na jingine akadai kuwa ni zawadi aliyopewa yeye. Mtume (SAW) alipanda mimbari akalikemea jambo lile mbele ya watu, akauliza mtu huyo angepata zawadi hizo kama angebaki amekaa nyumbani kwa wazazi wake. Hapo ndipo penye mzizi wa kila mjadala wa rushwa. Zawadi inayomfuata mtu kwa sababu ya kiti chake si yake.

Miaka 18 ya kukaa penye kodi na mizigo haikumwachia Shaaban Robert utajiri. Mwaka 1944 alihamia Idara ya Wanyama, kazi iliyompeleka mbali na pwani hadi Mpwapwa. Mwaka 1946 alirudi Tanga katika ofisi ya jimbo, na kuanzia 1952 mpaka 1960 alikuwa katika ofisi ya upimaji ardhi. Ukitazama utaona kuwa alipita katika ofisi zile zile ambazo leo zinalalamikiwa zaidi na wananchi: forodha, utawala na ardhi. Alizipita zote akatoka na mabunda ya miswada.

Hapa ndugu msomaji niruhusu niseme kosa langu. Miaka michache iliyopita nilikwenda katika ofisi moja kufuatilia karatasi ya kiwanja cha mama yangu. Nilizungushwa mara tatu. Mara ya nne nikaambiwa kwa upole kuwa wenzangu huwa wanakumbuka chai ya wafanyakazi. Nikakumbuka chai. Karatasi ilitoka siku ile ile. Kesho yake ratiba ya darasa ilinitaka nifundishe uaminifu, na hadithi ya Ibn al-Lutbiyya ilikuwa ndani ya somo. Niliisoma haraka haraka, sikuwaangalia wanafunzi machoni. Nilijitetea moyoni kuwa mimi nilikuwa natafuta haki yangu, na kwamba mwenye dhambi ni yule aliyepokea. Huenda wapo wanaoweza kunitolea hoja ya kunikinga. Lakini nilijua kuwa nimelipia kitu ambacho hakikuwa cha kuuzwa, na kuwa nimemfundisha yule karani kwamba njia yake inalipa.

Hiyo ndiyo falsafa ninayoizungumzia. Mtu anajiuliza nini ni haki, halafu swali hilo linamfuata mpaka dirishani pa ofisi.

Baba anayeandika kwa watoto wake

Katika kitabu cha Maisha Yangu, ambacho baadaye kiliunganishwa na sehemu ya pili, Baada ya Miaka Hamsini, Shaaban Robert anasimulia maisha yake bila kujikweza. Anasimulia kazi, safari na ndoa. Mkewe wa kwanza, Amina, alifariki, naye akamtungia shairi la maombolezo ambalo mpaka leo linasomwa shuleni. Wengi wetu tunaona aibu kumtaja mke kwa mapenzi hata akiwa hai. Yeye, mwanamume wa pwani wa miaka ile, alimlilia mkewe kwa maandishi, tena kwa adabu, akimuombea na kulikubali jambo la Mwenyezi Mungu.

Alipobaki na malezi ya watoto alifanya jambo ambalo ningependa kila baba Muislamu alitafakari. Alimtungia binti yake utenzi, unaoitwa Hati, na akamtungia mwanawe wa kiume utenzi mwingine, unaoitwa Adili. Humo amewausia dini kwanza, kisha heshima kwa wazazi na wakubwa, kazi, usafi, ulimi mwema, namna ya kuishi na mwenza na namna ya kuishi na jirani. Hakuna humo jambo la ajabu. Ni yale yale ambayo bibi zetu walituambia tukiwa tumekaa kwenye mkeka. Tofauti ni kuwa yeye aliona mtoto anastahili kukaa na baba yake akafikiri kwa ajili yake, akayaweka maneno katika mpango, akampa kama urithi.

Alikuwa pia mtu wa barua. Barua alizomwandikia ndugu yake, Yusuf Ulenge, kuanzia mwaka 1931 hadi 1958, zimehifadhiwa na kuchapishwa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2002. Karibu miaka 30 ndugu wawili wanaandikiana. Leo tuna simu mkononi, na wapo ndugu wa tumbo moja wanaokaa mji mmoja ambao mara ya mwisho kuulizana hali ilikuwa katika msiba.

Nchi inayoelea angani

Vitabu vyake vya hadithi ndivyo vilivyombebea jina la mwanafalsafa. Kusadikika kilichapishwa mwaka 1951. Ni habari ya nchi inayoelea angani, ambako Waziri Mkuu aitwaye Majivuno anamshitaki mtu aitwaye Karama. Kosa la Karama ni kutaka watu wafundishwe sheria. Karama anapewa nafasi ya kujitetea, naye kwa siku sita anawakumbusha wakuu habari za wajumbe sita ambao nchi iliwatuma pande zote, mpaka mbinguni na ardhini, walete maarifa ya nchi nyingine. Kila mjumbe alirudi na mapendekezo mema, na kila mmoja alitupwa gerezani kwa sababu mema yale yaliwaudhi wenye vyeo. Mwishoni Karama anashinda na wajumbe wanafunguliwa.

Wasomi wengi wamekieleza kitabu hiki kuwa ni kioo alichowekewa mkoloni. Sina ubishi na hilo. Lakini mimi kama mwalimu wa dini huwa nawaambia wanafunzi wayatazame majina ya wajumbe wale: Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa, Amini. Anayejua Kiarabu kidogo ataona kuwa ni dalili, hisani, kukubali, msaada, kuridhia na uaminifu. Mwandishi anatuambia kuwa jamii inaweza kuzifunga tabia njema gerezani na ikaendelea kujiona nchi kamili. Nawaomba wanafunzi pia watazame kuwa mshitaki hakuitwa Mkoloni wala Mzungu. Ameitwa Majivuno. Majivuno hayana rangi, hayana dini, na yanaweza kukaa serikalini, katika kamati ya msikiti, au katika mwalimu anayechukia kuulizwa maswali.

Kufikirika, kilichochapishwa mwaka 1967 baada ya kufariki kwake, kinaendeleza hoja hiyo kwa upande wa akili. Mfalme hana mtoto, na waganga wa kila namna wanaitwa: wa mizizi, wa hirizi, wa makafara, wa falaki na wengineo. Baadaye mtoto anapatikana, anaugua, na inadaiwa kafara ya watu wawili, mjinga mmoja na mwerevu mmoja, wachinjwe ili apone. Wanaotakiwa kuchinjwa wanajitetea kwa hoja mpaka sheria ile inafutwa na mgonjwa anapelekwa hospitali.

Tulipokuwa tukikisoma shuleni tulicheka, tukaona ni hadithi ya nchi isiyokuwepo. Kisha, hasa kuanzia mwaka 2007, nchi yetu ikatangazwa duniani kwa mauaji ya ndugu zetu albino, wakikatwa viungo kwa sababu mganga amemwambia mtu kuwa atatajirika. Wanunuzi wa viungo hawakuwa watu wasio na kitu. Hapo ndipo nilipoelewa kuwa Kufikirika haikuwa mbali. Uislamu umekataza uganga wa namna hiyo waziwazi, na sote tunalijua hilo katazo. Tulichokosa ni ile tabia ya kumtazama aliyetakiwa kuchinjwa na kusikiliza hoja yake.

Ndugu waliogeuka manyani

Kitabu cha Adili na Nduguze, kilichotoka mwaka 1952, kina asili yake katika hadithi za Alfu Lela Ulela, lakini amekitia roho ya pwani yetu. Mfalme Rai anamtuma Ikibali kwenda Janibu kudai kodi iliyochelewa. Huko anamkuta liwali Adili, mtu mwema anayependwa na watu, ambaye kila usiku huwapiga manyani wawili na kisha huwalisha huku akilia. Manyani wale ni ndugu zake, Hasidi na Mwivu. Waligawana urithi wa baba yao sawa kwa sawa, wao wakapoteza mafungu yao, Adili akawashirikisha katika lake, na bado wakamtupa baharini kwa husuda. Jini mwanamke, Huria, ambaye Adili aliwahi kumuokoa, ndiye aliyewageuza na kuamuru wapigwe. Mwisho wa habari Mfalme Rai anawaombea, na Adili anawasamehe, wakarudi kuwa watu.

Nani kati yetu hajaona jambo hili katika mtaa wake? Baba anafariki Tanga au Dar es Salaam, anaacha nyumba moja ya vyumba sita, na ndugu wanageuka kabla ya arobaini. Mirathi ya Kiislamu imepangwa kwa mafungu yaliyo wazi ili watu wasigombane, lakini hesabu haitibu husuda. Adili alitoa fungu la kila mmoja kamili na bado hakupona. Mwandishi ameona kuwa sheria inaweka mpaka, na ndani ya mpaka huo moyo unahitaji kazi yake peke yake. Wanazuoni wetu walioandika juu ya maradhi ya moyo walisema hivyo hivyo kwa lugha nyingine. Na ametazama mbali zaidi kwa kumfanya Adili alie. Aliyedhulumiwa hafurahii adhabu. Anasubiri siku ya kusamehe.

Vipo vitabu vingine, kama Utubora Mkulima, habari ya mtu anayeacha ukarani wa mjini akaenda kijiji cha Busutamu kulima na kuishi kwa jasho lake. Ukikisoma unahisi kuwa karani wa Tanga alikuwa anajizungumzia mwenyewe na matamanio yake.

Binti wa Fumba

Mwaka 1958 ulichapishwa Wasifu wa Siti binti Saad. Siti alizaliwa Fumba, Unguja, karibu mwaka 1880, katika familia maskini yenye asili ya utumwa. Alifinyanga vyungu na kuvitembeza kuviuza. Baadaye akawa mwimbaji wa taarabu, na mwaka 1928 akaenda Bombay kurekodi santuri kwa Kiswahili. Alifariki mwaka 1950.

Najua kuwa baadhi ya wasomaji hawatafurahi mwalimu wa dini kumtaja mwimbaji. Masheikh wamezungumza juu ya muziki na sitaki kuufungua mjadala huo hapa. Ninachotaka kutazama ni chaguo la mwandishi. Alipotaka kuandika maisha ya mtu mkubwa hakumchagua sultani wala liwali. Alimchagua mwanamke aliyedharauliwa kwa sura, kwa umaskini na kwa nasaba, akaonesha heshima yake ilitoka wapi. Katika pwani yetu, ambako hadi leo mtu anaulizwa ukoo kabla ya posa kujibiwa, kuchagua huko lilikuwa jambo la ujasiri. Na Mtume wetu (SAW) katika khutba yake ya kuaga alikwishatufundisha kuwa Mwarabu hana ubora juu ya asiyekuwa Mwarabu ila kwa uchamungu. Hilo tunalisoma kila mwaka. Posa zetu hazijalisoma.

Pale tunapotofautiana naye

Haitakuwa haki kumsimulia kana kwamba hakuwa na la kuulizwa. Alitafsiri mashairi ya Omar Khayyam, mwanahisabati wa Nishapur, kutoka katika Kiingereza, na mashairi hayo yana mvinyo na shaka ndani yake. Wapo wanaosema mvinyo ule ni fumbo, na wapo wanaosema ni mvinyo. Alipokea nishani ya MBE ya ufalme wa Uingereza, wakati ambapo wengine walikuwa wanapigania uhuru, ingawa naye alikuwa mwanachama wa TANU. Na katika maandishi yake, hasa Siku ya Watenzi Wote, anawataka watu wa dini mbalimbali wakutane katika wema, kwa namna ambayo baadhi ya masheikh wameona inapunguza uzito wa itikadi.

Mimi naona hivi. Muislamu haweki utu juu ya dini yake, kwa sababu dini ndiyo inayomwambia utu umetoka kwa nani. Katika hili sikubaliani na wanaomsoma Shaaban Robert kana kwamba alikuwa anatafuta mlango wa kutokea katika Uislamu. Lakini nawauliza pia ndugu zangu wanaomlaumu: Mtume (SAW) ameeleza kuwa ametumwa kuzikamilisha tabia njema. Kukamilisha maana yake kuna kitu kilichokuwepo tayari kwa watu, kikahitaji kutimizwa. Mtu anayekiita kitu hicho utu, akawaita majirani zake wote wakiheshimu, amefanya kosa gani? Jirani yangu hapa Mwera akiwa Mkristo na mtoto wake akiugua usiku, swali la kwanza ni nani ana pikipiki.

Mwisho wake

Shaaban Robert aliipenda lugha hii kabla haijawa na wapenzi wakubwa. Baadhi ya vitabu vyake, kama Pambo la Lugha, vilichapishwa na Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg, mbali kabisa na wasomaji wake. Alihangaika na wachapishaji, na vitabu vyake kadhaa havikutoka mpaka alipokufa. Aliiona bendera ya Tanganyika ikipanda tarehe 9 Desemba 1961. Mwezi Juni 1962, akiwa na umri wa miaka 53, alifariki, akazikwa kwao Machui. Miezi sita tu ya uhuru.

Utenzi wa Vita vya Uhuru, wenye beti zipatazo 3,000 juu ya vita vya 1939 mpaka 1945, ulitoka mwaka 1967, miaka mitano baada ya yeye kuzikwa. Hakuupata ujira wake wala hakuusikia ukisomwa.

Nilimjibu yule mwanafunzi kuwa falsafa inayomuondolea mtu Mola wake ataikuta duniani, na ajifunze dini yake vizuri ili akikutana nayo aijue. Lakini kufikiri juu ya haki, juu ya mali, juu ya ndugu na juu ya mtu dhaifu si haramu. Ni wajibu, na yupo Muislamu wa Tanga aliyelifanya kwa taa ya mafuta baada ya saa za kazi. Kijana akaniuliza swali la pili, ambalo sikulitegemea. Akauliza kama mimi nimewahi kutoa rushwa.

Darasa likanyamaza. Nikamwambia ndiyo, nikawasimulia habari ya karatasi ya kiwanja kama nilivyokusimulia wewe. Nikawaambia pia kuwa nimenuia, inshaallah, nikizungushwa tena nitarudi mara ya tano, na ya sita, na nitaandika barua kwa mkubwa wa ofisi. Sasa wanafunzi 40 wananidai.

Ndugu msomaji, kama una mtoto, mwandikie kurasa mbili za wasia ukiwa hai. Kama una ndugu uliyemnunia kwa sababu ya nyumba ya marehemu, mpigie simu leo kabla ya Isha. Na ukipata nakala ya Adili na Nduguze, isomeni pamoja nyumbani, mtoto asome kwa sauti na wakubwa wasikilize.

Allah (SW) amrehemu Shaaban bin Robert, amsamehe alipokosea, na atujaalie tuwe wa kutenda tunayofundisha. Amin.

Wabillahi tawfiq.